Pralini ya New Orleans na Mikono Iliyoipika

Kwetu Kongo, mtu akitaja neno pralini, wengi wetu hufikiria zile chokoleti ndogo zenye kitu laini ndani, ambazo ndugu waishio Ubelgiji hutuletea katika visanduku wanapokuja kututembelea. Chokoleti hizo zilianzishwa na Jean Neuhaus mjini Brussels mwaka 1912. Lakini iko pralini nyingine, kongwe kuliko hiyo, isiyo na chokoleti hata chembe, nayo inatuhusu sisi Waafrika zaidi. Ni pralini ya New Orleans, mji wa jimbo la Louisiana kusini mwa Marekani: kipande bapa cha sukari iliyopikwa na maziwa na siagi, kipana kama kiganja cha mtoto, kilichojaa kokwa za pekani. Hiyo ndiyo tunayotaka kuipika pamoja nanyi katika ukurasa huu. Na kwa kuwa sisi ni walimu kabla ya kuwa wapishi, tutauliza swali moja kwa kila kitu kinachoingia sufuriani: kilipita katika mikono ya nani?

Tuanze na jina lenyewe. Katika karne ya 17 aliishi Ufaransa jemadari mmoja mwenye cheo kikubwa, César de Choiseul, mkuu wa Plessis-Praslin. Inasimuliwa kwamba pipi ya kwanza ya aina hii ilitengenezwa jikoni mwake kwa lozi zilizovikwa sukari iliyoungua kidogo. Mapokeo ya mji wa Montargis humtaja mpishi huyo kwa jina la Lassagne. Lakini pipi haikuitwa kwa jina la Lassagne. Ilichukua jina la bwana wake, Praslin. Tangu mwanzo, basi, aliyesimama motoni alikuwa mmoja, na aliyepewa sifa akawa mwingine.

Wafaransa walijenga New Orleans mwaka 1718 na kuleta mapishi ya kwao. Lozi zilikuwa adimu huko, lakini kando ya mto Mississippi ilikuwapo miti mirefu yenye kokwa tamu, ambayo wenyeji wa kale wa nchi hiyo walikuwa wakiila tangu zamani. Jina pekani limetoka katika lugha zao, nalo lamaanisha kokwa inayohitaji jiwe ili ipasuke. Wapishi wa mji huo, ambao wengi wao walikuwa wanawake wa Kiafrika waliotiwa utumwani, waliweka pekani mahali pa lozi, wakaongeza maziwa mazito na siagi. Hivyo pipi ngumu ya Ufaransa ikawa pipi laini ya Louisiana, inayovunjika kwa vidole na kuyeyuka ulimini.

Mpekani una tabia moja inayomsumbua mkulima. Ukipanda kokwa ya mti mzuri, mti utakaoota hautafanana na mama yake. Kokwa zake zaweza kuwa ndogo, chungu, au zenye ganda gumu kama mfupa. Njia ya hakika ni kubebesha: kukata kikonyo cha mti bora na kukiunganisha na shina la mti mwingine, vikue kama mti mmoja. Kwa mpekani kazi hii ni ngumu, na waliokuwa wameijaribu hapo awali hawakufika mbali. Aliyefaulu alikuwa mtumwa aliyeitwa Antoine, mtunza bustani wa shamba la Oak Alley, huko Louisiana. Katika majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847 alibebesha miti 16, nayo ikashika. Mwaka 1876 kokwa za uzao huo zilipelekwa katika maonyesho makubwa ya Philadelphia na kupata tuzo. Zilipewa jina la Centennial, yaani za miaka 100, kwa heshima ya uhuru wa Marekani. Jina la Antoine halikuwekwa.

Tunamfahamu Antoine hasa kwa sababu ya karatasi moja. Mwaka 1848 mali ya shamba hilo iliorodheshwa, na kati ya mali hiyo ameandikwa yeye: Antoine, umri wa miaka 38, mtunza bustani na fundi wa kubebesha mipekani, thamani yake dola 1,000. Hana jina la baba wala la ukoo. Baadaye sehemu kubwa ya bustani aliyoianzisha ilikatwa ili kupanda miwa.

Sasa tuwashe moto. Vipimo ni hivi: sukari nyeupe gramu 300, sukari ya kahawia gramu 150, maziwa mazito mililita 120, siagi gramu 80, kokwa gramu 150 na chumvi kidogo. Viweke vyote katika sufuria nzito juu ya moto wa wastani, ukikoroga kwa mwiko wa mti mpaka sukari iyeyuke na shira ianze kuchemka. Endelea kukoroga bila kuondoka, kwa maana maziwa yenye sukari huungua upesi.

Vitabu vya mapishi vya Louisiana huagiza shira ifike nyuzi 115 za Selsiasi ndipo iondolewe motoni. Hapa twahitaji kufikiri, wala si kunakili. New Orleans iko karibu na usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwa nyuzi 100. Sisi tulioko Bukavu tuko juu, karibu mita 1,500, ambako hewa hukandamiza kwa nguvu ndogo zaidi, na maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo shira yetu hufikia hatua ileile kwenye nyuzi kama 110. Anayengoja 115 juu ya milima hii atapata pipi kavu na ngumu, hata kama amefuata kitabu neno kwa neno. Asiye na kipimajoto asisikitike: adondoshe tone la shira katika kikombe cha maji baridi. Likikusanyika na kuwa kidonge laini kinachobonyea kati ya vidole, wakati umefika.

Kanuni hiyohiyo ya hewa na mchemko ndiyo iliyobadilisha sukari ya dunia nzima. Zamani, maji ya miwa ya Louisiana yalipikwa katika masufuria makubwa ya wazi, yaliyopangwa mstari mmoja juu ya moto. Watumwa walisimama hapo usiku na mchana wakati wa mavuno, wakihamisha uji unaochemka kwa pawa ndefu kutoka sufuria moja hadi nyingine, na wengi waliungua. Norbert Rillieux alizaliwa New Orleans mwaka 1806, mtoto wa mama huru mwenye asili ya Kiafrika na baba mzungu. Alisoma uhandisi mjini Paris, kisha akabuni mtambo wa vyombo vilivyofungwa, vyenye hewa iliyopunguzwa ndani, ambamo mvuke wa chombo kimoja hupasha moto kingine. Kwa kuwa hewa ilikuwa imepungua, maji ya miwa yalichemka kwa joto dogo zaidi, kama yanavyofanya maji yetu hapa milimani. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1843, na viwanda vya sukari vingali vinafuata kanuni yake hadi leo. Mtambo huo ulipunguza kuni na majeraha. Haukumweka huru mtu yeyote. Utumwa uliendelea Louisiana hadi mwaka 1865.

Tumeondoa sufuria motoni. Tia kijiko kidogo cha vanila, acha itulie dakika chache, kisha anza kupiga kwa mwiko kwa nguvu. Hapa ndipo mkono hujulikana. Sukari iliyoyeyuka inataka kurudi kuwa chembe, na kupiga huku huzifanya chembe hizo ziwe ndogo mno, hata ulimi usizihisi. Mwanzoni shira inang'aa. Baada ya muda inaanza kufifia na kuwa nzito. Mng'ao ukififia, chota haraka kwa kijiko na kudondosha juu ya karatasi iliyopakwa siagi. Ukiwahi, pipi zitatandaa na kukataa kushikana. Ukichelewa, zitagandia sufuriani, nawe utalazimika kuongeza kijiko cha maji ya moto na kupiga tena. Siku ya mvua ni afadhali kungoja, kwa sababu sukari hunywa unyevu wa hewa na pipi hubaki zikinata.

Baada ya kupika, kuna kuuza. Katika karne ya 19, mitaa ya New Orleans ilijaa wanawake weusi waliouza pralini katika vikapu, wakiwa wamefunga vilemba vyao. Watu waliwaita kwa Kifaransa pralinières, yaani wapika pralini. Uchuuzi wa vyakula ulikuwa na mizizi mirefu katika mji huo. Sheria ya Wafaransa ya mwaka 1724, iliyoitwa Code Noir, iliamuru kila mtumwa afundishwe dini ya Kikatoliki na kubatizwa, na asifanyishwe kazi siku ya Dominika. Sheria hiyohiyo ilimhesabu kuwa mali inayohamishika, kama kiti au meza. Hatuwezi kulisoma jambo hilo kwa haraka, sisi tunaofundisha katekisimu. Maji ya ubatizo na bei ya sokoni viliwekwa juu ya kichwa kimoja, katika karatasi moja, na watu waliojiita Wakristo.

Hata hivyo Dominika ilikuwa mlango mdogo, na watumwa waliupita. Walikusanyika kuuza mboga, vitafunio na kazi za mikono yao, kupiga ngoma na kucheza. Uwanja wao uliitwa Place Congo, nao upo hadi leo katika bustani ya Louis Armstrong. Jina hilo halikutoka mbali nasi, kwa sababu wengi wa waliopelekwa Louisiana walitoka nchi za Kongo. Louisiana ilipokuwa chini ya Hispania, katika nusu ya pili ya karne ya 18, sheria ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha, na wako wanawake wachuuzi waliolipa bei yao wenyewe, sarafu kwa sarafu, kutokana na vikapu vyao. Baadaye, katika karne ya 20, maduka ya watu wengine yaliichora sura ya mama mweusi mwenye kilemba juu ya masanduku ya pralini, ili kuvutia watalii. Sura ilikuwa yake. Faida ilikuwa yao.

Pekani ni adimu katika masoko yetu, nasi nyumbani hutumia karanga juu ya mbabula ya makaa. Tusidhani kwamba twaipunguzia pralini heshima yake. Hata New Orleans zilikuwapo pralini za nazi, nyeupe na za waridi. Tena karanga ina haki yake katika habari hii. Kusini mwa Marekani watu wengi huiita goober, na neno hilo ni nguba ya Kikongo, ileile tunayoisikia katika Kilingala. Waliofungwa minyororo hawakuruhusiwa kubeba mali, lakini walibeba maneno, na neno moja lingali hai vinywani mwa watu wasiojua limetoka wapi.

Tulipopika hivi karibuni na vijana wa shirika letu, alikuwapo binti mmoja ambaye kila jioni huuza pipi za karanga barabarani ili kupata ada ya shule. Tumemwona mara nyingi akiteremsha beseni lake na kuligeukia ukuta wanafunzi wenzake wanapopita. Tulipofika kwenye habari ya Antoine, aliuliza: «Mwalimu, huyo Antoine alilipwa ngapi?» Tukamwambia kwamba zile dola 1,000 hazikuwa mshahara wake, zilikuwa bei yake. Alinyamaza. Kisha akauchukua mwiko, kwa maana yeye ndiye aliyejua kuliko sisi sote ni wakati gani mng'ao unafifia. Pipi zake zilishikana vizuri; sisi tulikuwa wasaidizi wake.

Vijana wapendwa, wako kati yenu wanaoona haya kwa ajili ya beseni, mbabula au jembe la wazazi wao. Haya hiyo tumefundishwa na watu wanaopenda utamu bila kutaka kuujua mkono ulioufanya. Tusiirithi. Katika mkutano wenu ujao, pikeni pralini ya karanga kwa vipimo tulivyowapa. Kabla ya kula, kila mmoja amtaje mtu mmoja aliyehusika: aliyelima karanga, aliyezimenya, aliyebeba makaa, aliyechota maji. Msiseme «wakulima» wala «akina mama». Semeni majina, na lile msilolijua, nendeni mkaliulize. Kisha ulizeni pia kila mmoja alilipwa nini, na kama ilikuwa haki.

Na mkimkuta njiani mwenye beseni la pipi, msalimieni kwa jina lake, nunueni, na mlipe bei aliyoitaja.