Kuta za Maruhubi: Nani Asimulie?

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa kuuliza swali moja kabla ya mengine: ni nani anayesimulia? Swali hilo nilikwenda nalo Unguja nilipokuwa nikitafuta mada ya tasnifu yangu ya uzamili. Nililikuta likinisubiri penye magofu mawili ya ufuoni, kaskazini mwa Mji Mkongwe.

Gofu la kwanza ni Maruhubi, kasri lililojengwa na Sultani Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya masuria wake. Yasemekana kuwa ukuta uliozunguka bustani yake uliigwa kutoka Uingereza, alikozuru Sultani huyo mwaka 1875. Moto uliliteketeza kasri mwaka 1899. Zilizosalia ni nguzo za mawe zilizobeba roshani ya mbao, mabaki ya hamamu, na vipande vya ukuta. Nilitembea kando ya ukuta huo nikiwawaza wanawake waliofichwa nyuma yake. Kuta zina masikio, walisema wahenga; ulimi, naona, hazina.

Gofu la pili, mbele kidogo, ni Mtoni, kasri la Seyyid Said, babake Barghash. Mbele yake, pakielekea bahari, palikuwa na banda la mviringo la mbao zilizotiwa rangi, ambamo Seyyid alikunywa kahawa na jamaa zake. Banda hilo halipo tena. Hata hivyo, twalijua hadi paa lake lililofanana na hema, kwa kuwa bintiye Salme, aliyezaliwa hapo mwaka 1844, alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, kwa jina lake la ndoa, Emily Ruete.

Naam, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata daftari lina ukuta wake. Salme alikuwa binti wa mfalme, na katika kitabu hichohicho aliutetea utumwa. Waliotumikishwa katika kasri hizo hawakuacha kitabu cha kumjibu.

Wanafasihi wenzangu, tusitosheke kumsifu aliyesimulia. Tumsome tukisikiliza pia pale anaponyamaza, maana huko ndiko waliko wengi. Kimya hicho ndicho nilichokichagua kuwa mada yangu.