Nani Amlipe Mkulima wa Juu ya Mto?

Ukinunua sufuria ya dola 100 hapa Minnesota, senti 12 hivi zinaenda kulinda maji. Risiti haisemi hivyo, na muuzaji mwenyewe huenda hajui. Senti hizo zinatokana na kura ya mwaka 2008, wananchi wa jimbo hili walipokubali kodi ya mauzo iongezwe kwa asilimia 0.375 hadi mwaka 2034, na theluthi moja ya nyongeza hiyo iingie katika mfuko wa maji safi. Sehemu ya mfuko huo huishia mashambani, kwa wakulima wanaokubali kulima bila kuuchafua mto.

Mimi sina hata robo ekari hapa. Nakaa nyumba ya kupanga, na bado namchangia mkulima wa mahindi na soya ambaye hatutawahi kuonana. Sisi tuliokulia upande wa Gilgil, Kenya, tunaoujua Mto Malewa unavyobadilika rangi mvua ya masika ikishika, hatuna budi kujiuliza: kule kwetu, nani anachangia?

Hapa utaratibu unajulikana. Mkulima huanzia ofisi ya hifadhi ya udongo na maji ya eneo lake. Afisa anakuja, wanazunguka shamba pamoja, wanakubaliana: nyasi kando ya kijito, mimea ya kufunika udongo baada ya mavuno, shimo la samadi lisilovuja. Kazi ikiisha inakaguliwa, ndipo pesa zinatoka. Mbali na fedha za jimbo, kuna mpango wa serikali kuu uitwao EQIP, ambao unaweza kulipa hadi asilimia 75 ya gharama, na hadi 90 kwa anayeanza ukulima. Pesa hizo zinaandamana na sheria. Kwa sheria ya 2015, kingo za mito na maziwa ya umma hapa lazima ziachiwe ukanda wa mimea wenye upana wa wastani wa futi 50.

Kwetu pia sheria ipo. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima karibu na mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kutegemea upana wake. Lakini mwambie mwenye ekari mbili za viazi aache ukingo wenye rutuba kuliko shamba lote, halafu umwache mkono mtupu. Atakuitikia vizuri, na msimu ujao utakuta viazi vimefika majini.

Ndiyo maana jaribio la Naivasha linastahili kukumbukwa. Malewa unateremka kutoka Nyandarua, kwenye miteremko ya Aberdare na Kipipiri, na ndio unaoliletea Ziwa Naivasha sehemu kubwa ya maji yake ya mito. Huko juu wapo wakulima wadogo wa viazi, kabichi na maziwa. Kule chini kuna mashamba ya maua, hoteli na wavuvi. Mashirika ya WWF na CARE yaliwakutanisha, na mwaka 2010 watumiaji wa maji wa ziwani, kupitia chama chao cha LANAWRUA, wakaanza kuwalipa mamia ya wakulima wa Wanjohi na Turasha. Aliyepanda nyasi za napia kukata mteremko, akaweka miti na kuacha ukingo wa mto, alipata vocha ya karibu dola 17 kwa mwaka ya kuchukulia pembejeo agroveti.

Dola 17 hapa Minnesota hazimleti hata fundi bomba mlangoni. Hata hivyo wakulima waliingia, kwa sababu faida kubwa haikuwa vocha. Ukanda wa napia unaozuia udongo ndio huohuo unaokatwa jioni kwa ajili ya ng'ombe. Mkulima wa Minnesota asiye na mfugo huona nyasi kama ardhi iliyompotea, kwa hiyo fidia yake lazima iwe nono. Wa Wanjohi anahitaji kusukumwa kidogo tu, kwani zizi litamalizia malipo.

Vocha ile ilikuwa na thamani nyingine isiyohesabika kwa shilingi. Marekani ilianzisha idara yake ya hifadhi ya udongo mwaka 1935, wakati dhoruba za vumbi zilipokuwa zikipeperusha mashamba, na tangu hapo mkulima amezoea afisa anayekuja na msaada. Babu zetu walikutana na hifadhi ya udongo kama amri ya mkoloni. Mwaka 1947 watu wa Murang'a waligoma kuchimba matuta ya lazima. Mtu wa chini ya mto anapompa wa juu malipo na ahsante, anaondoa mabaki ya uchungu huo.

Wala tusidhani pesa nyingi hutatua kila kitu. Mnamo Novemba 2023, shirika la mazingira la serikali kuu ya Marekani lilitaka Minnesota ichukue hatua kuhusu naitreti kwenye visima vya kaunti nane za kusini-mashariki. Ukanda wa nyasi huzuia udongo unaotiririka juu. Lakini naitreti ya mbolea iliyozidi huzama, ikapita katika mawe ya chokaa hadi kwenye maji ya kunywa. Dawa yake ni kupunguza mbolea yenyewe, na hapo wanasiasa hushikwa na kigugumizi.

Tunachokosa sisi ni chanzo cha fedha kisichokufa mradi unapofungwa. Mchango wa LANAWRUA ulikuwa wa hiari, lakini wenye vibali vya kuchota maji tayari wanalipa ada kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Fungu la ada hiyo lirudi kisheria kwa mkulima wa juu. Na pale ambapo hakuna mwenye maua wa kulipa, kama Mto Njoro unaotoka Mau Mashariki kwenda Ziwa Nakuru, wa kuchangia ni mtalii anayelipa kiingilio kuona ndege wa ziwa hilo.

Kikwazo kikubwa ni mpaka. Wanjohi iko Kaunti ya Nyandarua, Ziwa Naivasha liko Nakuru, na bunge la kaunti moja halipendi kupeleka shilingi kwa wapiga kura wa nyingine. Hapa Minnesota kaunti zinazochangia mto mmoja huketi pamoja na kuandika mpango mmoja wa bonde zima. Jambo hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji magavana wawili, meza moja, na bajeti ambayo mkulima wa Wanjohi ataikuta tena mwaka ujao.