Degedege, Mawimbi ya Ubongo na Lugha ya Mtoto

Mzazi wa Mkongani, katika vilima vya Shimba huko Kwale, anapomwona mwanawe amekakamaa, macho yamegeuka na viungo vinatetemeka, aghalabu huwa na jina la tukio hilo kabla hajaifikia zahanati. Atasema mtoto amepatwa na nyuni. Wengine husema dege, au degedege. Majina haya yote yanamtaja ndege, kwa kuwa imani ya jadi ya pwani huuhusisha mtetemeko huo na ndege wa kipepo aliyepita juu ya mtoto. Daktari naye hutaja homa, malaria au kifafa. Je, wawili hawa wanatazama jambo moja?

Swali hilo linaigusa kazi ya miaka mingi ya Charles Newton, daktari wa watoto na mtafiti wa ubongo, aliyeanza utafiti wake Kilifi mwaka 1989, mwaka ule ule kituo cha utafiti cha KEMRI kilipoanzishwa mjini humo. Alijishughulisha na malaria ya ubongo, maradhi yanayomzamisha mtoto katika hali ya kutojitambua. Kwa mtafiti wa aina hii, jicho pekee halitoshi.

Huko Jena, Ujerumani, mwaka 1924, Hans Berger alifaulu kunasa umeme hafifu wa ubongo wa binadamu kwa kuweka elektrodi kichwani. Kipimo chenye asili hiyo kilipotumiwa kwa watoto wa Kilifi katika miaka ya 1990, kilifichua jambo la kutisha. Baadhi ya watoto waliolala kimya, pengine kope tu zikichezacheza, walikuwa katikati ya degedege. Mwili ulikuwa umetulia ilhali ubongo umechafuka kama bahari wakati wa kusi. Hapo mzazi na daktari walikuwa wamedanganywa na utulivu ule ule.

Kupona nako kulikuwa na siri yake. Utafiti wa Julie Carter na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba takriban robo ya watoto waliowahi kuugua malaria ya ubongo walibaki na kasoro moja au zaidi za ukuaji. Miongoni mwa wenzao ambao hawakuugua malaria kali, kiwango kilikuwa takriban mmoja katika kumi. Lugha ilikuwa miongoni mwa vipawa vilivyodhurika. Mtoto aliruhusiwa kurudi nyumbani, maneno yake yasirudi yote.

Hapa ndipo sayansi ya ubongo inapobisha hodi katika taaluma ya lugha. Elektrodi hunasa mawimbi, lakini haisemi kama mtoto anakumbuka hadithi au anatofautisha maumbo. Hayo hujulikana kwa kumuuliza. Mtoto anayeonyeshwa picha ya kitu asichowahi kukiona, kisha akaulizwa kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao, akinyamaza, kimya chake si ushahidi wa ubongo mgonjwa. Penny Holding na wenzake walilitambua hilo. Mwaka 2004 walichapisha maelezo ya majaribio ya utambuzi yaliyoandaliwa kwa mazingira ya Kilifi. Mwaka 2008, mwanasaikolojia Amina Abubakar na wenzake walichapisha tathmini ya kipimo chenye jina la Kilifi, kinachopima mwendo wa mtoto mchanga na ushirikiano wa jicho na mkono.

Hata hivyo, kipimo kilichofaa Kilifi hakivuki Likoni hadi Kwale bila kukaguliwa. Lugha za Kimijikenda ni ndugu, lakini ndugu hawafanani kwa kila neno. Huko Mkongani, Kidigo na Kiduruma hutangulia Kiswahili kinywani mwa watoto wengi. Swali lililotafsiriwa vibaya laweza kumpachika mtoto mzima ulemavu asiokuwa nao, au kumficha mwenye kuhitaji msaada.

Kwa hivyo mwanafunzi wa Kiswahili asidhani kwamba isimu na tafsiri huishia darasani. Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja na mashine inayosikia ngurumo za ubongo. Mwenyeji anayeijua tofauti ya nyuni, dege na kifafa ana wajibu wa kuketi naye, ili maneno ya mtoto yapimwe kwa mizani iliyo sawa.