Safari ya Loiyangalani, Kwenye Vinu vya Upepo

Wengi wenu mmesikia habari za vinu vya upepo vya Ziwa Turkana, kaskazini ya Kenya. Mimi nilipata bahati ya kuviona kwa macho yangu, nikaona si vyema kukaa kimya.

Tuliiacha lami Laisamis alfajiri, watu watano garini. Kutoka hapo mpaka Sarima, penye vinu, ni kilomita 208. Zamani njia hii ilikuwa mawe na mchanga mtupu. Ilibidi itengenezwe, maana vyombo vyote vilishushwa bandarini Mombasa, vikapakiwa katika malori, vikasafiri zaidi ya kilomita 1,000. Njiani tuliwaona Wasamburu na Warendile wakinywesha ngamia. Tulipofika, mlango wa gari ulinishinda kuufungua kwa ajili ya upepo. Mzee mmoja Mturkana akanicheka, akasema, “Mwanangu, huku mwenye nyumba ni upepo. Sisi sote wapangaji.”

Upepo huo hupenya kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia, kama maji yanavyokwenda kwa nguvu mahali mfereji unapobanwa. Vinu ni 365, sawasawa na siku za mwaka. Kila nguzo ina mita 44 kwenda juu, na kila panga lapata mita 25. Vyote pamoja vyaweza kutoa megawati 310 za umeme.

Basi, mimi ni karani wa parokia, na karani hawezi kuona vitu vingi bila kuuliza vimeandikwa wapi. Vinu 365 ni mapanga 1,095, na bolti zisizohesabika. Fundi akikosa kipande kimoja, hakuna duka la kukimbilia.

Jioni nilimkuta kijana mmoja fundi, aliyekwisha fanya kazi za ujenzi katika nyika mbalimbali. Nikamwuliza, “Ndugu, hesabu ya kazi kama hii huwekwaje?” Akatoa simu yake. Akanieleza kwamba siku hizi ziko programu za kusimamia ujenzi. Kila kipande kina namba yake. Kikishushwa, karani wa ghala hukipiga picha, na programu huandika siku, saa na mahali. Zege la msingi likimwagwa, hupimwa na kuandikwa. Bolti zikikazwa, jina la aliyekaza huandikwa pia. Upepo ukizidi kiasi, winchi haliruhusiwi kuinua kitu, na saa zilizopotea huandikwa papo hapo, ili siku ya malipo pasiwe na ugomvi.

“Na mahali pasipo na mtandao je?” nikamwuliza. Akacheka. “Hapo ndipo penye kazi, Karani. Simu huyaweka yote ndani yake, tukirudi kambini jioni huyapeleka. Lakini asubuhi lazima kila mtu apokee ramani mpya kabla ya kutoka. Mmoja akiondoka na ramani ya juzi, atachimba shimo pasipotakiwa. Na mtu akiandika kwamba amepima, naye hakupima, simu haitamsuta. Itautunza uongo wake vizuri sana.”

Maneno hayo yalinichoma. Nami kitabu cha ubatizo hakinisuti nikikosea jina la mtoto. Atakayeumia ni yeye, miaka ishirini baadaye, atakapokuja kutaka cheti.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo. Kinu cha mwisho kilisimamishwa Machi 2017. Umeme wake ulianza kuingia katika njia ya taifa Septemba 2018. Kwa nini? Njia ya nyaya mpaka Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijamalizika. Fidia za ardhi zilikawia, na mkandarasi wa kwanza kutoka Hispania akafilisika. Vinu vikasimama pale mwaka mmoja na nusu, upepo ukipita bure, na serikali ikadaiwa mabilioni ya shilingi kwa kuchelewa huko. Hesabu ya vinu yaweza kuwa safi kabisa, lakini kazi ikiwa katika madaftari mawili yasiyosomana, nusu yake hungoja nusu nyingine.

Tena liko daftari la ardhi. Eneo lile ni ekari 150,000, nchi ya malisho ya watu. Wenyeji walikwenda mahakamani, na Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa kufuata sheria. Shauri halikuishia hapo. Yule mzee wa Sarima aliniambia, “Kila chuma kina namba. Mbona njia ya mbuzi wangu haikuandikwa?” Sikuwa na jibu.

Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha kuona kwamba upepo wa Afrika wawasha taa za Afrika. Lakini nawasihi, ndugu zangu: mradi ukija kijijini kwenu, wa kisima, wa shule au wa umeme, msitazame mashine tu. Ombeni kuona daftari. Ulizeni nani anaandika, na kama mashamba yenu na mapito yenu yamo. Na ninyi makarani wenzangu, tuandike kweli.