Roboti Yangu kwa Fundi Redio

Niliikuta imelala chali kwenye buti la gari, katikati ya birika la umeme na rundo la vitabu vya mapishi. Hapa Leeds, Jumapili asubuhi, watu huegesha magari uwanjani, wakafungua buti na kuuza walichochoka kukaa nacho. Mwenye mali aliniambia kabla sijauliza kwamba imekufa. Nikatoa pauni 30, nikaipakata kama mtoto mpaka kituo cha basi.

Ni Omnibot, mdoli wa umeme uliotolewa na Tomy ya Japani mwaka 1984. Rangi yake ya maziwa imegeuka manjano. Ina magurudumu badala ya miguu, ina saa ya tarakimu na kitrei cha kubebea vitu, na kifuani imewekewa deki ya kaseti. Deki hiyo si ya muziki tu. Amri unazoipa kwa rimoti hugeuzwa milio, milio ikarekodiwa kwenye kanda. Kanda ikichezwa tena, roboti hurudia safari ileile: mbele, kushoto, simama. Haioni wala haisikii. Ukihamisha kiti usiku, asubuhi itakigonga.

Nilitaka kuigeuza iwe msaidizi wa nyumbani. Nilimfikiria mama yangu Tanga, ambaye akishaanza soga na jirani dawa ya presha huisahau mpaka kesho yake.

Huku Uingereza kazi ya namna hii huanza kwa kuitoa roboti utumbo. Kila niliyemuuliza alinipa jibu hilo: ng'oa vyote vya zamani, acha ganda na mota, kisha weka Raspberry Pi, ile kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Vifaa unaviagiza usiku, kesho kutwa vimeshaletwa mlangoni. Unafanya kazi peke yako kwenye meza ya jikoni, na mwalimu wako ni video. Nilikwenda pia kwenye Repair Café, mikutano ya kutengeneza vitu vibovu bure iliyoanzia Amsterdam mwaka 2009, na mzee mmoja wa kujitolea akaifungua deki. Mipira yake ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami. Alijifuta vidole, akasema tupa. Sikutupa. Niliifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaiweka kabatini. Aliyelelewa Ngamiani, Tanga, hatupi deki.

Baada ya miezi miwili roboti yangu ilikuwa inasikia na kujibu, lakini ilikuwa na ugonjwa. Kila gurudumu likianza kuzunguka, kompyuta ilizimika na kujiwasha upya. Na ilitembea kama imetoka kuugua, kwa sababu bodi ya mota niliyonunua, L298N, yenyewe hula karibu volti 2 njiani, na betri nzima ni ya volti 6. Nilisoma kurasa na kurasa. Desemba ikafika, nikaipakia kwenye begi hivyohivyo pamoja na deki yake, betri nikaiacha, nikaenda nayo Tanga.

Fundi redio wa mtaani kwetu ana kibanda ambacho mtu mmoja akiingia mwingine hutoka. Nilimwekea roboti mezani, nikaanza kumweleza mambo ya kompyuta. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anachungulia lile tundu kifuani.

"Deki yake iko wapi?"

Nikaitoa kwenye mfuko. Akainusa mipira ile, akacheka, akavuta kopo la maziwa ya unga lililojaa mipira ya kaseti ya kila saizi. Watu wa kanda wamekwisha, alisema, ila mipira hakuitupa. Nusu saa baadaye deki ilikuwa inazunguka. Shilingi 2,000.

Nikamweleza sasa ule ugonjwa wa kuzimika. Hapo alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, unawalisha sahani moja, na mmoja wao mlafi. Yule mdogo atashiba lini?" Akatenganisha umeme: mota zikapewa betri ya volti 6, ile ya mizani za dukani, inayopatikana kila mahali, kompyuta ikapewa pawabenki yake. Ugonjwa ukaisha. Jambo hilo lilikuwamo kwenye zile kurasa nilizosoma, ila nililipita kwa sababu nilikuwa natafuta kosa kwenye programu. Fundi hana programu ya kuishuku, basi huanza na umeme.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenivua nguo kabisa. Aliuliza kwa nini nimenunua kompyuta, kipaza sauti, spika na kamera, kila kimoja peke yake, wakati simu iliyovunjika kioo ina vyote hivyo, ina betri na laini pia. Tulikuwa nazo mbili kwenye droo. Tukaifunga moja kifuani, nyuma ya deki, ikawa inaiamuru bodi ya mota kwa Bluetooth, na fundi akaiunganisha na spika ya zamani ya roboti. Bodi ya mota nayo tulibadilisha. Raspberry Pi nimerudi nayo Leeds.

Nisiisifu Tanga kupita kiasi. Kazi hiyo ilinigharimu "njoo kesho" nne. Na fundi alitumia nyaya za rangi moja, nyekundu, kwa chanya na hasi na kila kitu, kwa kuwa ndiyo roli aliyokuwa nayo. Nilipomwomba achore mchoro aligonga paji la uso wake kwa kidole: mchoro uko humu. Siku akiugua, roboti nayo imeugua. Huku Uingereza nilibandika lebo kila waya, na tabia hiyo siiachi.

Kilichotushinda kote kuwili ni lugha. Programu nyingi za msaidizi wa sauti zimelelewa kwa Kiingereza. Nilitumia Whisper, programu ya kugeuza maneno yanayosemwa kuwa maandishi, ambayo OpenAI waliitoa wazi mwaka 2022; Kiswahili kimo, lakini toleo dogo linaloenea kwenye mashine dogodogo hukisikia kwa taabu. Mama akiongea Kitanga chake cha haraka, iliandika maneno ya ajabu. Akaanza kuongea nayo kama anasoma taarifa ya habari, na majirani wakadhani kuna redio mpya.

Kisha saa. Mchana mmoja ilitangaza: "Sasa ni saa kumi na tatu na dakika thelathini."

"Saa kumi na tatu ndiyo saa ngapi?" mama akauliza. "Huyu amekula nini?" (Mimi nasema roboti "hii", yeye tangu siku ya kwanza "huyu".)

Kutoa sita ni rahisi, mstari mmoja wa programu, ikawa saa saba na nusu. Ugumu ulikuja kwenye kuongeza "mchana". Alasiri inaanza lini? Alfajiri inakoma saa ngapi, na jioni inageuka usiku wakati gani? Tulibishana ukumbini watu sita, shangazi akatetea adhana na mpwa akatetea kitabu cha shule. Tulikuwa bado hatujalimaliza hilo mama alipoiambia imkumbushe "usiku wa Ijumaa" asome Yasini. Ikamkumbusha Ijumaa baada ya Isha. Alikasirika kweli. Kwetu pwani siku huingia jua likizama, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia, ambao kalenda ya simu inauita Alhamisi. Sijaona video ya kunifundisha hilo. Niliandika kanuni hiyo mwenyewe, huku mama amesimama nyuma yangu akihakikisha.

Sasa humkumbusha dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na humsomea tarakimu 20 za tokeni ya umeme wa LUKU nne nne, taratibu, naye akibonyeza mita. Saa nyingine zote ni redio kaseti: mama ana kanda za taarabu za Black Star na Lucky Star zilizokaa kimya miaka mingi, na kwake hiyo ndiyo kazi kubwa ya roboti.

Kusikia bado haisikii vizuri. Kuna mradi wa Mozilla uitwao Common Voice, unaokusanya sauti za watu wa kawaida ili mashine zijifunze lugha zao, na Kiswahili kimo. Unasoma sentensi kwa simu, basi. Ukiwa na robo saa, soma. Ukiwa na mama au bibi Tanga, Lamu, Bukavu au Muscat, mkalishe karibu asome na yeye, na usimwambie aongee kama mtangazaji.