Safari ya Mchana Kwenda Maseno

Karani mmoja wa Nairobi, mzaliwa wa upande wa Maseno, alikuwa na desturi moja kwa miaka mingi: kwenda kwao kwa basi la usiku. Hupanda saa tatu, hulala, na alfajiri hujikuta Kisumu. Mamaye naye, kila alipokuja kuwatazama wajukuu, alisafiri vivyo hivyo. Basi mama na mwana waliipita nchi yote iliyo kati, zaidi ya kilomita 350, kama mizigo iliyofungwa guniani.

Ikawa mama ameletwa mjini kutolewa mtoto wa jicho. Siku alipofunguliwa bandeji aliweza kuiona hata sindano iliyoanguka sakafuni. Karani akaona si haki kumrudisha kwao gizani. Akaazima motokaa ya shemeji yake, kisha akaketi na daftari apange safari ya mchana.

Kwanza aliandika vituo tisa: kutazama Bonde la Ufa kutoka juu ya Limuru, kuupanda mlima Longonot, wenye mita 2,776, na kuchungulia shimo la volkano, kupanda mashua Naivasha, kuona mashoka ya mawe huko Kariandusi, ziwa Elmenteita, wanyama wa Nakuru, mashamba ya chai Kericho, mpunga wa Ahero, na mwisho kibao cha Ikweta pale Maseno. Mkewe aliisoma orodha hiyo mara mbili, akauliza: "Baba watoto, hii ni safari ya mama au mtihani wa Jiografia?"

Bibi huyo alikuwa na hoja. Vituo tisa, hata kama kila kimoja ni nusu saa tu, ni saa nne na nusu. Na mwendo wenyewe wahitaji saa saba. Kericho wangefika alasiri, ambayo ndiyo saa ya mvua huko, na giza lingewakuta njiani, dereva akiwa mmoja na amechoka. Tena ni nani angempandisha ajuza Longonot? Kosa hili ni la watu wengi. Hupanga safari kwa kutazama ramani, na ramani haina magoti, wala haishikwi na haja.

Kalamu ikaanza kufuta. Longonot ikatoka, na mashua, na Nakuru. Kariandusi ilimuuma sana, kwa maana Dakta Louis Leakey alichimbua hapo, karibu na Gilgil, vyombo vya watu wa kale mno, na karani alikuwa amesoma habari zake tangu shuleni. Lakini ni mahali pa kuteremka na kupanda kwa miguu. Akapaweka kwa siku nyingine. Habari ya Ikweta mama mwenyewe aliimaliza kwa kicheko: "Mwanangu, mstari huo naupita kila siku ya soko, kikapu kichwani. Haujapata kunipunguzia mzigo."

Hapo ndipo karani alipokumbuka kwamba hakuwa amemwuliza mamaye jambo lolote. Akamwuliza angependa kuona nini. Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Lile kanisa la marehemu babako lipo kweli?"

Marehemu alikuwa utingo, baadaye dereva wa lori katika barabara ya Mai Mahiu. Kila alipokuja likizo alisimulia habari za kanisa lililo kando ya njia, chini ya mteremko, dogo hata watu wachache tu hulijaza, lililojengwa na wafungwa wa vita. Mkewe aliyahesabu hayo kuwa maneno ya madereva. Alimwambia aache kumdanganya, naye akaacha. Na baada ya hapo hakusimulia tena habari za barabara.

Kanisa lipo. Lilijengwa mwaka 1942 na Waitalia waliotekwa katika Vita vya Pili, walipokuwa wakitengeneza barabara hiyo ya kuteremka bondeni. Lakini karani alikuwa amepanga kufuata barabara ya juu, kwa kuwa ile ya chini ina malori mengi na kona kali. Sasa ilimpasa kupanga upya. Breki zikakaguliwa. Saa ya kuondoka ikasogezwa toka kumi na mbili hadi saa moja, maana ukungu wa Limuru si wa kuchezea, na mteremko ule hushukwa kwa gia ndogo, macho yakiona mbali. Vituo vikabaki vinne: kanisa, chai Naivasha, Elmenteita, ambako ziwa huonekana kutoka barabarani pasipo kutembea, pamoja na heroe wakiwapo, na chakula cha mchana Kericho kabla ya mvua.

Siku ilipofika walishuka polepole nyuma ya lori la saruji, na hapana aliyelalamika. Chini ya mteremko karani aliegesha motokaa. Mama alikataa kushikwa mkono. Alifika mlangoni, akatazama ndani, akatazama paa, akaugusa ukuta kwa kiganja. Kisha akageuka kuutazama uwanja mdogo ulio mbele, akamwuliza mwanawe kama lori lingeweza kusimama hapo.

"Lingeweza, mama."

Akaketi juu ya jiwe, wala hakuna aliyemharakisha. Chai ya Naivasha waliinywa wamechelewa saa nzima.