Magogo ya Mto Kalambo

Msafiri atokaye Sumbawanga, akapita Matai na kushika njia ya kijiji cha Kapozwa, hufika mahali ambapo nchi yakatika ghafla. Hapo Mto Kalambo huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, kisha hushika njia ya Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ni Zambia. Korongo hujenga viota vyao katika majabali.

Wageni wengi hutazama maji, wakarudi. Kumbe hazina kubwa ya mto huu iko juu ya maporomoko, upande wa Zambia, katika matope ya ukingoni. Bwana Desmond Clark, mchunguzi wa mambo ya kale, alipagundua mahali hapo mwaka 1953. Akachimbua mawe yaliyochongwa pamoja na vipande vya miti, ila umri wa miti hiyo haukuweza kupimika siku zile.

Mwaka 2019 wataalamu walioongozwa na Bwana Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichimba tena. Walikuta magogo mawili ya mti wa jamii ya mlama, moja limekingama juu ya jingine, na lile la juu limechongwa pengo ili likae imara. Walipima mchanga uliofunika magogo, maana chembe zake hutunza alama ya siku zilipoona jua mara ya mwisho. Taarifa yao ya mwaka 2023 yasema: si chini ya miaka 476,000! Nayo mifupa ya kale kabisa ya watu wa namna yetu iliyokwisha kupatikana ina miaka kama 300,000 tu.

Labda lilikuwa jukwaa penye majimaji, labda msingi wa kibanda.

Watu wa kale hao twawaita watu wa Zama za Mawe. Kwa maoni yangu jina hilo lawapunja. Jiwe hudumu, mti huliwa na mchwa. Tazama nyumbani kwako, msomaji: kinu na mchi, mwiko, kigoda, mzinga, boriti, mpini wa jembe. Atakayechimba hapo baada ya miaka elfu ataokota chuma cha jembe na mafiga matatu.

Magogo ya Kalambo yalipona kwa sababu maji yaliyazuia yasipate hewa. Hata yakitolewa hayaanikwi juani. Hutunzwa majini, yasije yakakauka na kupasuka.